Miguu Ile Ile: Kuchanganya Vyuma na Kadio Bila Kupoteza Nguvu

Saa kumi na mbili jioni, jimu imejaa. Kijana anashuka kwenye mashine ya kukimbilia baada ya dakika 40 za mwendo wa kilomita 9 kwa saa, fulana imemganda mgongoni. Anafuta uso, anakwenda moja kwa moja kwenye fremu ya skwati, zoezi la kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani, anapakia kilo 80 na kuingia chini ya chuma. Mara ya kwanza anapanda. Ya pili anapanda, ila makalio yanatangulia kuinuka, kifua kinabaki chini na chuma kinasogea mbele kuelekea vidole vya miguu. Ya tatu magoti yanaingia ndani, anaganda katikati, na wawili waliokuwa jirani wanarukia chuma, kila mmoja upande wake.

Mwalimu anasogea, anamshika bega na kutoa hukumu: "Kadio inakula misuli, mdogo wangu. Chagua moja. Mshika mbili moja humponyoka."

Hukumu hiyo, kwamba kadio, yaani mazoezi ya pumzi kama kukimbia na baiskeli, haipatani na vyuma, imenikaa kichwani wiki kadhaa sasa.

Si kwamba ni ngeni. Inasemwa Sinza kule Dar es Salaam, inasemwa Mombasa, inasemwa Nairobi. Kinachonisumbua ni kwamba ndani yake kuna ukweli, na ukweli huo ndio unaoifanya iaminike hata pale inapowapoteza watu. Wapo wanaonyanyua kilo 140 lakini ngazi za ghorofa ya tatu zinawaacha wakihema. Wapo wanaokimbia kilomita 10 kila Jumapili lakini ndoo ya lita 20 ikiwa sakafuni inawakamata kiuno. Wote waliambiwa wachague.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halimwambii mtu mzima achague. Linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya pumzi ya ugumu wa kati, au 75 hadi 150 za makali, na juu yake siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli yote mikubwa. Vyote viwili, kwa mtu yule yule.

## Kilichomwangusha

Dakika 40 hazili misuli ya mtu. Misuli hujengwa na kupungua kwa wiki na miezi, kutegemea chakula, usingizi na mzigo inaopewa. Kilichomwangusha kijana yule ni mambo matatu yaliyokutana ndani ya saa moja.

La kwanza ni miguu yenyewe. Dakika 40 za kukimbia ni hatua zaidi ya 6,000, na katika kila hatua mguu unatua kwa nguvu ya zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayopokea mshindo huo, na ndiyo hiyo hiyo inayomtoa mtu chini ya chuma. La pili ni glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli. Aliyekula chapati mbili mchana na asiongeze kitu hadi jioni anaanza nayo ikiwa pungufu, kisha anaichoma kwenye mashine kabla ya kazi inayoihitaji zaidi. La tatu ni jasho. Kwenye chumba chenye feni mbili na unyevu wa pwani, kumwaga lita moja ndani ya dakika 40 si ajabu. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo inakaribia asilimia 1.5 ya uzito wake, na ikifika asilimia 2 mwili unaanza kulalamika waziwazi.

Huo ni uchovu, na uchovu hupita. Misuli yake alirudi nayo nyumbani ikiwa salama.

## Nusu iliyo kweli

Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alichapisha jaribio ambalo hadi leo ndilo chimbuko la hofu hii. Aligawa watu katika makundi matatu kwa wiki 10. Kundi moja lilifanya vyuma vya miguu siku 5 kwa wiki. La pili lilifanya pumzi siku 6 kwa wiki: siku 3 vipindi vikali vya baiskeli, dakika 5 mara sita, na siku 3 kukimbia kwa kasi yote waliyoweza, hadi dakika 40. Kundi la tatu lilifanya vyote.

Kundi la tatu lilipata pumzi sawasawa na wakimbiaji. Nguvu nazo zilipanda sambamba na za wanyanyuaji hadi karibu wiki ya 7. Hapo zikasimama. Wiki ya 9 na ya 10 zikaanza kushuka.

Kwa hiyo mwalimu wa jimu hakuzua. Kugongana kupo.

Lakini rudia ratiba ile taratibu. Vipindi vitano vya vyuma vya miguu na vipindi sita vya kadio kali: vipindi 11 kwa wiki, vyote kwenye miguu ile ile, bila hata siku moja ya kadio nyepesi. Na bado, kwa wiki saba nzima, mambo yalikwenda sawa. Ukiniuliza mimi, cha kushangaza zaidi katika jaribio lile ni hizo wiki saba.

## Mashaka

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi. Je, walichoka kwa sababu ya kuchanganya, au kwa sababu ya wingi wa kazi? Jaribio la Hickson peke yake halitenganishi hayo mawili.

Kuna maelezo ya ndani ya seli yanayopendwa sana: mazoezi ya pumzi huamsha kimeng'enya kiitwacho AMPK, nacho hubana njia ya mTOR inayoagiza misuli ijengwe. Maabara, hasa kwa panya, jambo hilo linaonekana. Kwa binadamu anayekula vizuri, picha haiko safi hivyo. Ishara hizo hupanda na kushuka ndani ya saa chache, na mara nyingi zote mbili hupanda pamoja baada ya kipindi kimoja cha mazoezi. Sioni sababu ya mtu kufuta kadio kwa maelezo hayo peke yake.

Kilichonisogeza ni tafiti zilizokusanya majaribio mengi pamoja. Mkusanyo wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba madhara huongezeka kadiri siku na dakika za kadio zinavyoongezeka, na kwamba kukimbia kuna shida kuliko baiskeli. Mkusanyo mwingine, wa 2022, haukuona hasara ya maana kwenye ukubwa wa misuli wala nguvu ya juu kabisa. Kilichopungua kidogo ni nguvu ya mlipuko, ile ya kuruka na kuchomoka, hasa vyuma na kadio vinapofanywa kipindi kimoja.

Bado kuna wastani unaoficha watu. Anayeanza anapanda kwa kila kitu, hata ratiba ikiwa mbovu. Aliyezoea vyuma kwa miaka ndiye anayeonyesha hasara kwenye nguvu za miguu, na zaidi akichanganya ndani ya saa moja. Mwenye miezi mitatu jimu hana sababu ya kuiogopa kadio. Mwenye miaka mitano atenganishe.

## Baiskeli, mbio na makasia

Tofauti kubwa iko kwenye kutua. Ukikimbia, misuli inarefuka huku ikibeba mzigo, na hilo ndilo linaloacha maumivu ya siku mbili. Pedali haina kutua. Ndiyo maana dakika 30 za baiskeli jioni ya siku ya miguu zinavumilika, wakati dakika 30 za mbio zinaharibu wiki.

Mashine ya kupiga makasia ni nzuri sana kwa pumzi, ila inakula mgongo wa chini na mshiko wa viganja. Isikae kabla ya dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni.

Kutembea kwenye mashine iliyoinuliwa kunafaa kwa mtu mzito au mwenye magoti mabovu. Tatizo ni wanaoinua hadi asilimia 12 kisha wananing'inia kwenye mikono ya mashine. Ukiegemea nyuma, mlima unaufuta mwenyewe. Kalori zinazoonyeshwa kwenye kioo hazijui kwamba umeshika. Shusha hadi asilimia 5, achia mikono, tembea. Na ukitaka makadirio ya kukimbia yaliyo karibu na ukweli, hesabu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita: mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anatumia kama 350.

## Kipi kitangulie

Kinachohitaji miguu iliyopumzika ndicho kitangulie. Ukiwa na skwati nzito na kadio siku moja, chuma kwanza. Majaribio yanakubaliana kwamba anayeanza na vyuma hupata nguvu zaidi za miguu, na pumzi inakua vilevile kwa mpangilio wowote. Kama leo ni kifua na kadio ni baiskeli, fanya utakavyo. Mikono haikuchoka kwa kupiga pedali.

Wengi wanaanza na kadio kwa kudhani ndiyo kupasha misuli. Kupasha kunahitaji dakika 5 hadi 8 za mwendo laini, basi. Kinachokuandaa kwa kilo 80 ni chuma chenyewe: kilo 20 za chuma kitupu mara 10, kilo 40 mara 5, kilo 60 mara 3, kilo 70 mara 1, halafu kazi inaanza. Pumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti nzito, yaani kati ya fungu moja la kunyanyua na jingine. Kuruka kamba kwenye mapumziko hayo, jambo ninaloliona kila jimu, kunageuza siku ya nguvu kuwa siku ya kuhema. Uzito unashuka, na mwisho wa mwezi mtu anashangaa mbona hapandi.

Ukiweza kugawa, acha angalau saa 6 kati ya kadio kali na vyuma vya miguu. Saa 24 ni bora zaidi. Kwa foleni za Dar najua watu wachache watakaokwenda jimu mara mbili kwa siku, kwa hiyo ugawanyo wa kweli uwe wa siku.

## Wiki ya mtu wa jogging

Chukua mfano ulio halisi mitaani kwetu: mtu ana kundi lake la jogging, Jumapili asubuhi wanapiga kilomita 8 hadi 10 kwa nyimbo. Hataki kuliacha, na asiliache. Kosa lake la kawaida ni kuweka miguu Jumatatu.

Jumatatu iwe ya juu ya mwili. Benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu, seti 4 za mara 6, mashine ya kuvuta mgongo seti 4 za mara 8, mabega kwa dambeli seti 3 za mara 8, kuvuta dambeli kwa mkono mmoja seti 3 za mara 10. Miguu inapumzika na Jumapili inasahaulika.

Jumanne ndiyo siku ya miguu, na ndiyo siku ya kulinda kuliko zote. Skwati seti 4 za mara 5, kwa uzito unaokuachia uwezo wa mara 2 zaidi. Dedilifti ya Kiromania seti 3 za mara 8, ukisukuma makalio nyuma hadi misuli ya nyuma ya paja ivutike, chuma kikigusa mapaja muda wote. Lanji, yaani hatua ndefu ya kushusha goti, seti 2 za mara 10 kila mguu. Vigimbi seti 3 za mara 12, ukisimama sekunde moja juu na moja chini, kwa sababu vigimbi na kano ya kisigino ndivyo vinavyowaangusha wakimbiaji. Malizia na dakika 10 za baiskeli laini, au ondoka zako.

Jumatano tembea, nenda sokoni, lala mapema.

Alhamisi kadio inatangulia, kwa sababu ndiyo kazi kuu ya siku. Mpangilio ninaoupenda, kwenye baiskeli, ni wa dakika 4 mara nne, uliochunguzwa sana na watafiti wa Trondheim, Norwei. Pasha dakika 10, kisha dakika 4 ngumu na dakika 3 laini, mara nne. Kwenye dakika ngumu mapigo yafike asilimia 85 hadi 95 ya kiwango chako cha juu. Kwa makadirio ya 220 kutoa umri, mtu wa miaka 35 ana 185, kwa hiyo analenga kati ya 157 na 176. Weka ugumu unaokuruhusu kuzungusha pedali mara 80 hadi 90 kwa dakika. Kinachoharibika hapa ni pupa: mtu anatoa yote raundi ya kwanza, ya tatu anatambaa, ya nne haipo. Raundi ya kwanza ikuache ukihisi ungeweza zaidi. Anayeanza afanye raundi 2 kwa wiki mbili, kisha 3, ndipo 4. Baada ya hapo, juu ya mwili kwa uzito wa kati, dakika 25.

Ijumaa dedilifti seti 3 za mara 5, skwati nyepesi ya dambeli mbele ya kifua seti 2 za mara 10, pushapu, planki. Jumamosi hakuna kitu. Jumapili nyimbo.

Na hiyo jogging iwe nyepesi kweli. Kipimo ni kuongea: ukiweza kutoa sentensi nzima bila kukata pumzi, uko pazuri, na anayeweza kuimba akikimbia hahitaji saa ya mkononi. Kwa joto la pwani mapigo hupanda hata mwendo ukiwa ule ule, kwa hiyo Januari fuata pumzi kuliko namba. Wanaotumia dawa za presha zinazopunguza mapigo wasitumie hesabu ya 220 kabisa. Wafuate pumzi, wazungumze na daktari wao kabla ya vipindi vikali, na chini ya chuma wasibane pumzi.

Kuongeza uzito, kilo 2.5 kwa wiki kwenye skwati zinatosha, mradi mara zote zimekamilika bila magoti kuingia ndani. Wiki unayoongeza raundi ya baiskeli, usiongeze chuma.

Mwenye siku 3 tu afute Jumatatu na abaki na Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Jumapili ni yake.

## Upande wa wakimbiaji

Hofu hii ina sura ya pili: mkimbiaji anayeamini vyuma vitamfanya mzito. Vyuma vizito, mara 2 kwa wiki, kwa mara chache kila seti, huboresha matumizi ya nishati kwenye mbio, yaani mwendo ule ule kwa oksijeni pungufu, bila mtu kunenepa. Kundi la Eliud Kipchoge kule Kaptagat, karibu na Eldoret, pamoja na kilomita zake nyingi, hutenga vipindi vya kuimarisha makalio, nyuma ya paja na kiuno kila wiki. Kama wao wanapata nafasi, mkimbiaji wa Jumapili anaipata pia.

Wanawake nao huambiwa watatoka mabega ya kiume. Homoni inayojenga mabega hayo wanayo kwa kiwango kidogo sana ukilinganisha na wanaume. Watakachopata ni mifupa imara, kitu kinachohitajika zaidi kuanzia ukomo wa hedhi.

## Sahani

Sehemu kubwa ya "kadio inakula misuli" ni njaa. Mtu anaongeza kadio ili apungue, papo hapo anakata ugali, kisha anadai nguvu zake zimeliwa na mashine.

Lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 75 anahitaji 120. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa ya mililita 250 kama 8, na dagaa wakavu ni utajiri ambao watu wanaupita sokoni wakikimbilia makopo ya unga wa protini. Wanga usikatwe siku za Jumanne na Alhamisi. Ndizi mbili au kiazi kitamu saa moja na nusu kabla ya mazoezi vinabadilisha kipindi kizima.

Maji yapime. Panda mizani kabla na baada. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya jasho. Irudishe kwa lita 1.25 hadi 1.5, ukinywa polepole, pamoja na chakula chenye chumvi.

## Ramadhani

Kwa wafungaji, vyuma vikae saa 2 au 3 baada ya futari, na seti zipungue kwa theluthi moja huku uzito ukibaki. Kupunguza uzito ndiko kunakopoteza nguvu haraka. Kupunguza seti mwili unavumilia. Kadio ikae nusu saa kabla ya futari, dakika 20 hadi 30 za kutembea haraka, ili maji yawe karibu. Dakika 4 mara nne zisubiri Shawwal.

## Kipi kipungue kwanza

Dalili za mzigo kuzidi hazijifichi. Mapigo ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani yanapanda 7 au 8 juu ya kawaida yako kwa siku kadhaa mfululizo. Usingizi unakatika. Kilo 60 za kupasha, ambazo hupanda upesi, zinapanda taratibu.

Usikate kila kitu. Toa kwanza vipindi vikali vya Alhamisi na uweke baiskeli laini ya dakika 30 mahali pake. Ikipita wiki bila nafuu, punguza seti za Jumanne kutoka 4 hadi 2, kilo zikibaki zile zile. Jogging ya Jumapili ifupishe kufika kilomita 5. Hata kama huoni dalili, kila baada ya wiki 4 hadi 6 fanya wiki moja ya namna hiyo, na unaporudi, rudi na Alhamisi ya raundi 3 kabla ya ile ya 4.